Kilo Nane za Kwanza ni za Petroli

Tuanze na bei mbili ambazo kila mtu wa pwani ya Mkinga anazifuatilia: lita ya petroli na kilo ya nguru. Kwa hesabu rahisi, tuseme petroli ni Sh 3,000 na nguru anashushwa ufukweni kwa Sh 10,000 kwa kilo. Bei za kweli hupanda na kushuka. Ya mafuta hutangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Tanga ina bei kikomo yake kwa sababu mafuta hushushwa katika bandari yake. Ya nguru huamuliwa na mnada, na mnada hubadilika kutoka asubuhi hadi mchana. Msomaji abadilishe namba hizo kwa bei anazozijua leo. Hesabu yenyewe haitabadilika sana.

Boti ndogo yenye mashine ya nguvu za farasi 15 inatoka Moa, kwenye pwani hiyo ya Mkinga, alfajiri kwenda kurambaza, yaani kuburura mishipi yenye chambo nyuma ya chombo kinachokwenda. Mashine ya ukubwa huo ikikazwa hunywa lita 5 hivi kwa saa. Ikitulizwa kwa mwendo wa kurambaza, tuikadirie lita 2. Saa moja na nusu ya kwenda na nyingine ya kurudi ni lita 15. Saa sita za kuburura chambo ni lita 12. Jumla lita 27, au Sh 81,000. Kwa bei yetu ya ufukweni, hizo ni kilo 8 za nguru na kidogo juu yake, sawa na samaki mmoja wa urefu wa mita moja au zaidi kidogo. Nguru wa kwanza basi si wa nahodha, wala si wa mabaharia, wala si wa tajiri mwenye chombo. Ni wa petroli. Wa pili ndiye anayeanza kulisha watu.

Katika uvuvi mwingine mafuta humfikisha mvuvi kwenye samaki, kisha mashine inazimwa na nyavu au mshipi wa kuteremsha vinafanya kazi. Kwenye kurambaza safari ndiyo uvuvi. Chombo kikisimama chambo kinazama na kufa, hakuna samaki anayekifuata. Kila mita ya kazi hulipiwa, ama na petroli ama na upepo. Nadhani hapo ndipo penye fumbo zima la uvuvi huu, na ndiyo sababu ngalawa yenye tanga moja inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa na mipango ya maendeleo ambayo haioni maendeleo ila katika mashine.

Tazama kwanza ukubwa wa bahari. Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa na bara, una upana wa kilomita 50 hivi, na kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 67. Zidisha, unapata eneo la karibu kilomita za mraba 3,350. Sasa chukua chambo kimoja kinachoburuzwa maili 5 za baharini kwa saa, kwa saa sita. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, kwa hiyo chambo kimetembea kilomita 55 na nusu. Tukubali kwamba samaki anaweza kukiona na kuvutiwa nacho akiwa mita 10 kila upande. Njia iliyopitiwa ina upana wa mita 20, na eneo lililosakwa siku nzima ni kilomita ya mraba 1.1. Kwa mwendo huo, kuupitia mkondo wote mara moja ni kazi ya siku 3,000, zaidi ya miaka minane bila kupumzika hata Ijumaa.

Kwa hiyo hakuna mvuvi anayerambaza kwa kubahatisha. Anachotafuta ni sehemu chache ambazo samaki hawana budi kupita: ukingo wa mwamba unapoangukia kwenye kilindi, mstari ambapo maji ya kijani ya mito na mikoko yanakutana na maji ya buluu, kundi la ndege wanaopiga mbizi juu ya vidagaa. Ndege hasa. Wakionekana wanazunguka na kushuka, chini yao kuna sehewa au jodari wanaowasukuma vidagaa juu, na pengine nguru anayezungukia pembeni. Jicho la nahodha anayejua kusoma dalili hizo lina thamani kubwa kuliko mishipi kumi.

Na kuhusu wingi wa mishipi, hesabu inatoa jibu ambalo wengi hawalitarajii. Mshipi mmoja unasaka upana wa mita 20. Ongeza wa pili, uutenge na wa kwanza kwa mita 12 kwa kutumia mianzi iliyotokeza pande mbili za chombo. Upana sasa ni mita 32, si 40, kwa sababu njia za vyambo viwili zinapandana. Ongeza wa tatu na wa nne katikati yao kwa kina kilekile, na upana unabaki mita 32. Hukuongeza hata mita moja ya bahari. Mishipi hiyo ya ziada ina faida yake pale kundi linapokutwa, maana samaki wanne wanaweza kushika kwa mpigo, lakini katika kulitafuta kundi haisaidii chochote. Ikiwa una mshipi wa tatu, upeleke chini.

Kina ni somo ambalo wenzetu wa mbali wamelifanyia kazi sana. Katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini kuna trauti wa ziwani, samaki anayependa maji ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Majira ya joto yakifika, maji ya juu humshinda, naye hushuka mita 20, 30 na zaidi kufuata ubaridi. Wavuvi wa huko humfuata kwa tufe la risasi la kilo 4 au 5 linaloning'inia kwenye waya wa chuma. Mshipi hubanwa kwenye tufe hilo, na samaki akishika, unachomoka na kubaki huru mkononi. Jambo la kuzingatia ni mwendo wao: kilomita 3 au 4 tu kwa saa, karibu hatua za mtu anayetembea polepole. Si uvivu. Ukinzani wa maji huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo ukizidisha mwendo mara tatu, waya na mshipi vinavutwa nyuma kwa nguvu mara tisa, na lile tufe zito linaelea karibu na juu. Anayetaka kina hulipa kwa kwenda taratibu.

Bahari yetu ina joto zaidi, lakini kanuni ni ileile. Jua linapopanda, nguru huteremka kandokando ya mwamba, na chambo cha juu kinaburuzwa juu ya kichwa chake bila faida. Hapo ndipo chuchunge anapofanya kazi yake: samaki mwembamba wa fedha, ndoana imepitishwa tumboni mwake, chubwi mbele yake, waya mfupi badala ya mshipi mtupu kwa sababu meno ya nguru hukata nailoni mara moja. Mwendo wake ni maili 3 hadi 5 kwa saa, taratibu kiasi cha kumwacha chuchunge aogelee badala ya kuzunguka kama feni. Jodari na sehewa wao wanapenda mbio. Kwao unatengeneza chambo cha manyoya meupe ya kuku, au nyuzi za kamba ya nailoni zilizofumuliwa, au kitambaa chepesi kinachometameta, na unakiburuza maili 6 hadi 8. Gharama ya chambo cha namna hiyo ni ndogo sana. Kinachouma ni ndoana na waya, ambavyo huondoka pamoja na samaki mkubwa aliyekata.

Sasa turudi kwenye mafuta, maana tofauti ya maili 4 na maili 6 inaonekana ndogo na sivyo. Ukinzani ukipanda kwa mraba wa kasi, nguvu inayohitajika kutoka kwenye mashine hupanda kwa kipeo cha tatu. Kutoka 4 hadi 6 ni mara moja na nusu. Zidisha 1.5 mara tatu kwa yenyewe, unapata karibu 3.4. Kwa kuwa unafika haraka zaidi, gharama ya maili moja inapanda mara 2.25. Maana yake, kumfukuza jodari kwa petroli kunagharimu zaidi ya mara mbili, kwa kila maili, ya kumfuata nguru polepole. Isitoshe, chombo cha kawaida kina kikomo chake. Kwa chombo chenye urefu wa mita 7 pale kinapogusana na maji, kikomo hicho ni maili 6.4 hivi kwa saa. Ukikilazimisha kupita hapo, kinaanza kupanda wimbi lake chenyewe, mkia unadidimia, na petroli inaisha huku kasi haiongezeki. Kila nahodha amewahi kuisikia mashine ikilia hivyo.

Kisha kuna mkondo wa maji. Maji ya pwani hii hukimbilia kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi hupata nguvu hadi kupita mita 1 kwa sekunde, yaani karibu maili 2 kwa saa. Chambo hakijali: kwake kasi ni ya kupita kwenye maji. Tangi ndilo linalojali. Boti inayokwenda maili 5 ndani ya maji, ikielekea kusini dhidi ya mkondo wa maili 2, inasogea maili 3 tu kulingana na nchi kavu. Maili 12 zitachukua saa nne. Njia hiyohiyo kuelekea kaskazini, mkondo ukisukuma, ni maili 7 kwa saa, na inakwisha kwa saa moja na dakika 43. Tofauti ni saa mbili na robo, lita nne na nusu, karibu Sh 14,000. Kwa hiyo anayejua hupanda kusini kwanza, tangi likiwa limejaa na mwili ukiwa na nguvu, kisha hushuka na mkondo akirudi. Anayefanya kinyume anaweza kujikuta saa tisa alasiri yuko upande wa Vanga, tayari maji ya Kenya, na dumu linaonyesha kitako.

Tupime sasa mapato ya mtu mmoja mmoja. Mgao hutofautiana kutoka diko hadi diko. Hapa nachukua mfano mwepesi: toa matumizi kwanza, nusu ya kinachobaki iende kwa chombo, nusu igawiwe sawa kwa waliokwenda baharini. Boti ya watu watatu imepata kilo 25, sawa na Sh 250,000. Toa petroli 81,000 na chambo na chakula 10,000. Kinabaki 159,000. Nusu yake ni 79,500, na kila baharia anaondoka na Sh 26,500.

Ngalawa ya watu wawili, kwa tanga, imepata kilo 12. Chini ya nusu ya boti. Hizo ni Sh 120,000, toa chambo na chakula 10,000, zinabaki 110,000. Nusu ni 55,000, na kila mmoja anapata Sh 27,500.

Ngalawa imeleta chini ya nusu ya samaki na bado imemlipa mtu wake shilingi elfu moja zaidi. Na siku ya kurudi mikono mitupu, ambayo kila mvuvi anaijua, ngalawa imepoteza Sh 10,000 na boti Sh 91,000. Petroli ikipanda kwa asilimia 10, baharia wa boti anapoteza Sh 1,350 kwa siku bila kukosea lolote. Wa ngalawa hasikii kitu.

Sisemi mashine ni mbaya. Tanga lina siku zake. Kati ya misimu, upepo wa kusi ukiwa umeisha na wa kaskazi haujaingia, ngalawa inaweza kukaa juu ya maji shwari mchana kutwa na chambo kimening'inia. Mwezi wa saba kusi ikichachamaa, haitoki kabisa. Kaskazi nayo inapovuma kinyume na mkondo, inasimamisha mawimbi mafupi yenye hasira ambayo yamekwisha kupindua vyombo vingi. Mashine humrudisha mtu nyumbani kabla ya giza, na uhai wa mtu hauna hesabu. Ninachokiona kwenye namba ni kwamba chombo chenye faida zaidi ni kile chenye vyote viwili: tanga kwa saa sita za kuburura, mashine ndogo kwa kurudi. Tukibakisha lita 7.5 za kurudi peke yake, gharama ya mafuta inashuka kutoka Sh 81,000 hadi 22,500. Kilo nane za kwanza zinakuwa kilo mbili na robo. Mikopo ya vyombo inayotolewa kwa vikundi vya wavuvi ingepimwa kwa hesabu hiyo, badala ya kuhesabu idadi ya mashine zilizogawiwa, fedha zingefika mbali zaidi.

Sasa tumfuate samaki hadi kwa mlaji wa bara, tuseme wa Maramba. Maramba ipo chini ya Usambara Mashariki, zaidi ya kilomita 30 kutoka ufukweni. Ni wilaya ileile ya Mkinga, iliyozaliwa mwaka 2007 kutoka Muheza, lakini samaki anayeshushwa Moa asubuhi ana safari mbele yake. Kutoka Tanga mjini njia ni lami ya Horohoro hadi Mabokweni, kisha barabara ya kwenda Maramba na Bombo Mtoni. Mchuuzi wa pikipiki hulipa nauli moja, ajaze au asijaze. Tuseme nauli ni Sh 20,000. Akibeba kilo 40 za samaki, usafiri ni Sh 500 kwa kilo. Akibeba kilo 10, ni Sh 2,000. Kurambaza huleta samaki wachache na wakubwa, na idadi yao haitabiriki, kwa hiyo mzigo wa mchuuzi mara nyingi haujai. Hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini nguru mzima huonekana Maramba mara chache, na kwa nini hubaki Tanga au kuelekea Dar es Salaam na Mombasa.

Barafu huongeza ugumu. Kilo moja ya samaki aliyetoka kwenye maji ya nyuzi 28 inahitaji gramu 300 hivi za barafu ili tu ashuke hadi karibu na sifuri. Zinazozidi hapo zinapigana na jua. Kwa joto letu kanuni ya kawaida ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Basi ule mzigo wa kilo 40 unakuwa kilo 20 za samaki, na usafiri unapanda kutoka Sh 500 hadi Sh 1,000 kwa kilo. Mchuuzi anaiona Sh 500 hiyo na kuiacha barafu. Namwelewa, lakini hapa lazima niseme wazi, kwa sababu ni afya ya watoto wetu. Nguru, jodari, sehewa na vibua wana tabia moja: wakikaa kwenye joto baada ya kufa, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama. Anayeila huwashwa, huvimba uso, kichwa humgonga, huharisha, pengine ndani ya saa moja. Na histamini haiondoki kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kukaushwa. Samaki anaweza asinuke na bado awe nayo. Sh 500 kwa kilo ni bei ndogo, na mnunuzi wa Maramba angekubali kuilipa kama angekuwa na hakika kwamba barafu ilianza chomboni, si sokoni.

Limebaki suala la samaki mwenyewe. Mshipi wa kuburura huchukua mmoja mmoja, hauharibu mwamba, haukokoti mazalia. Ukilinganisha na baruti, iliyopigwa marufuku tangu 1970 na bado ikautesa mkoa wa Tanga kwa miongo mingi hadi msako mkali wa miaka ya 2016 na 2017, kurambaza ni uvuvi safi. Lakini usafi wa njia haumaanishi kwamba samaki ni tele. Tathmini za Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania ni mwanachama tangu 2007, zimekuwa zikimweka nguru katika kundi la samaki waliovuliwa kupita kiasi. Huyu ni samaki wa nchi nyingi: hutembea kando ya pwani, na anayeonekana Moa leo atafika Shimoni, Kenya, bila pasi.

Wavuvi wa yule trauti wa ziwani waliona akiba yake ikiporomoka katikati ya karne iliyopita, uvuvi mkubwa ukishirikiana na samaki mnyonya damu mwenye umbo la mkunga aliyeingia maziwani kutoka baharini. Ndani ya Ziwa Michigan alitoweka kabisa, na hadi leo hupandikizwa kwa vifaranga. Trauti hukawia: huchukua miaka sita na zaidi kabla ya kuzaa. Nguru amebarikiwa haraka. Anafikia kuzaa akiwa na miaka miwili hivi, kwa urefu wa karibu sentimita 80. Bahari ikipumzishwa kidogo, yeye hurudi.

Uzito wa samaki hufuata kipeo cha tatu cha urefu wake, na hapo pana fedha. Nguru wa sentimita 60, ambaye bado hajazaa, ana kilo 1.6 hivi. Wa sentimita 80 ana karibu kilo 4. Wa mita moja ana kilo 7 na nusu. Kwa bei yetu, ni Sh 16,000, Sh 38,000 na Sh 75,000. Chukua samaki kumi wa sentimita 60 leo na una Sh 160,000. Waache, na hata kama saba kati yao wataliwa na papa au kushika ndoana ya jirani, watatu waliofika mita moja ni Sh 225,000, na wamekwisha kuzaa. Ndoana kubwa na chambo kikubwa hupunguza wadogo wanaoshika bila sheria mpya wala askari. Wadogo wanaovuliwa kwa nyavu ni suala la kamati za wavuvi za vijiji, ambazo katika Mkinga zina uzoefu wa kusimamia maeneo yao tangu mradi wa ukanda wa pwani wa Tanga wa miaka ya 1990, ule uliogawa maeneo kama Boma–Mahandakini. Zilikwisha kukubaliana kufunga miamba ili samaki wapumzike. Urefu wa nguru anayepokelewa mnadani ni jambo dogo zaidi ya hilo: kijiti cha sentimita 80 kwenye meza ya diko, na mnadishaji anayekubali kukitumia.